Gia mpya za difu: kufunga kwanza, kuzoesha baadaye

Swali:

«Fundi, salamu kutoka Bamburi. Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1995, dizeli ya 1HZ, giaboksi ya mkono. Mwaka jana niliivisha matairi ya 315/75R16, na tangu hapo imekuwa nzito. Mlima wa kupandia Kwale hunirudisha hadi gia ya pili. Nimeagiza krauni na pinioni za 4.88, seti mbili, nitoe zile za 4.10 zilizokuja na gari. Fundi wangu anasema amefunga difu miaka mingi kwa mkono na sikio, hahitaji geji. Anasema tuanze na ya nyuma, ya mbele tuifunge pesa zikipatikana, na kwamba kuzoesha gia ni maneno ya wauzaji: gari likitoka gereji naweza kufunga trela na kwenda Tsavo siku hiyo hiyo. Zikilia, nimwage oili nzito zitanyamaza. Rafiki yangu anasema nikifanya hivyo nitaziua kabla ya Voi. Nimsikilize nani?»

Jibu:

Ndugu yangu wa Bamburi, ndani ya swali lako mna maswali manne, na kila moja laweza kukugharimu difu nzima, yaani ule mkusanyiko wa gia ulio katikati ya ekseli. Umetumia pesa nyingi kuagiza vyuma kutoka nje, unahofia kuviharibu kwa safari moja, na hapo hapo hutaki kumvunjia heshima fundi aliyekuhudumia kwa muda mrefu. Nakujibu waziwazi: rafiki yako amesema kweli kuhusu safari ya Tsavo, lakini kuzoesha gia peke yake hakutakuokoa. Gia nyingi za difu zinazokufa mapema huwa zimeshauliwa juu ya meza ya gereji, kabla gari halijasogea. Kuzoesha huilinda kazi iliyofungwa vizuri. Iliyofungwa vibaya haiponi kwa kuendeshwa polepole. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye ufungaji, hata kama wewe umeutaja kwa maneno machache.

Niseme kwanza juu ya namba ulizochagua. 4.88 maana yake pinioni, gia ndogo inayopokea nguvu ya injini, huzunguka mara 4.88 ili krauni, gia kubwa ya duara inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, izunguke mara moja. Tairi la 275/70R16, ambalo Land Cruiser 80 nyingi zilitoka nalo kiwandani, lina kipenyo cha takriban milimita 791. Hilo lako la 315/75R16 lina takriban milimita 879. Tofauti ni asilimia 11. Ukiiongeza tofauti hiyo juu ya 4.10 unapata 4.55, maana yake gia za 4.56 zingekurudishia nguvu ya awali karibu sawasawa. Za 4.88 zinapita hapo kwa asilimia 7: injini itazunguka zaidi kidogo barabarani kuliko ilivyozunguka gari lilipokuwa jipya, na pinioni yenyewe ina meno machache na mwili mwembamba zaidi. Kwa injini isiyo na tabo, inayovuta trela na mizigo ya safari, naona uamuzi wako unafaa, na kwa kuwa gia zimeshanunuliwa sina sababu ya kukuambia uzirudishe. Jua tu kwamba mshale wa spidi, ambao sasa unasoma chini ya mwendo wa kweli, utaanza kusoma juu yake: ukionyesha 80, gari litakuwa kwenye 75 hivi. Hakikisha pia kwamba seti ya mbele ni ya mbele kweli. Difu ya mbele ya gari hili ni ndogo kuliko ya nyuma, na pinioni yake huingia juu ya kitovu cha krauni, kwa hiyo meno yake yamekatwa kwa mwelekeo wa kinyume. Vyuma vya nyuma haviingii mbele. Fungua maboksi yote mawili ukague kabla ya mtu yeyote kugusa bolti.

Sasa tuingie ndani ya difu. Pinioni haielekei kitovu cha krauni. Mhimili wake umepishana nacho, na kwa sababu hiyo meno hayabingiriki tu juu ya wenzake, bali huteleza kwa urefu wa jino huku yakikandamizwa kwa nguvu kubwa sana. Bana viganja vyako viwili kwa nguvu kisha uvisugue, utahisi joto papo hapo. Jino la difu liko katika hali hiyo muda wote gari linapotembea. Ndiyo maana difu hutaka oili ya daraja la GL-5, yenye dawa za salfa na fosforasi ambazo chuma kinapopata moto hujenga utando mwembamba juu ya jino na kulizuia lisimenyane na mwenziwe. Utando huo ni mwembamba mno kuweza kuficha kosa la fundi. Meno yakigusana ukingoni badala ya katikati, uzito wote wa gari, mizigo na trela hukaa juu ya kipande kidogo cha chuma, na hakuna oili duniani itakayokibeba.

Fundi anayefunga gia hizi anatafuta vipimo vinne vikubaliane. Kimoja ni kina cha pinioni, yaani imeingia umbali gani kuelekea krauni, na hicho hurekebishwa kwa shimu, pete nyembamba ya chuma inayokaa kati ya kichwa cha pinioni na beringi yake. Kingine ni mkazo wa beringi za pinioni, ambazo hazitakiwi kukaa huru hata kidogo. Cha tatu ni mchezo, yaani ile nafasi ndogo ya kulegea kati ya meno ya krauni na ya pinioni. Cha nne ni mkazo wa beringi mbili zinazobeba krauni pembeni. Ukigusa kimoja, kingine husogea. Kwa hiyo fundi mzuri hufunga, hupima, hufungua, hubadilisha shimu na kufunga tena, mara kadhaa, na hiyo ndiyo sababu kazi hii haimaliziki kati ya asubuhi na adhuhuri.

Hapa ndipo nalazimika kutofautiana na fundi wako, kwa heshima. Mchezo kati ya meno kwa seti nyingi mpya unatakiwa uwe baina ya milimita 0.15 na 0.25, na karatasi iliyomo ndani ya boksi lako ndiyo yenye neno la mwisho. Karatasi moja ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1. Hakuna mkono wa binadamu, hata uwe na uzoefu gani, unaoweza kutofautisha 0.20 na 0.35 kwa kutikisa krauni, ilhali tofauti hiyo ndiyo inayoamua gia zitaishi au zitalia. Kinachohitajika ni geji ya mshale inayosoma sehemu za mia za milimita, iliyoshikizwa imara kwenye nyumba ya difu, ncha yake ikigusa jino la krauni, na kipimo kichukuliwe sehemu tatu au nne za mzunguko. Kipimo kikibadilika sana kutoka sehemu hadi sehemu, krauni haikukaa sawa juu ya kiti chake, pengine kwa uchafu mdogo tu uliobaki chini yake.

Mkazo wa beringi za pinioni nao hupimwa kwa spana ndogo ya toki inayoonyesha nguvu ya kuizungusha pinioni kabla krauni haijawekwa. Kwa beringi mpya nguvu hiyo, kwa seti nyingi, huwa baina ya nyutoni-mita 1.5 na 3, kiwango kidogo ambacho mkono huweza kukikosea maradufu bila mwenyewe kujua. Kama difu yako inatumia lile bomba fupi la chuma linalobonyea kati ya beringi mbili, mwambie fundi anunue jipya, na akilikaza kupita kiasi asilegeze nati kurudi nyuma. Bomba lililobonyea zaidi ya kiasi halirudi, hutolewa likatupwa. Kwa gari la porini mimi hupendelea bomba gumu lenye shimu, maana likishapimwa halibadiliki hata gari likipigwa na mawe ya Taru kutwa nzima.

Ushahidi wa mwisho ni rangi. Fundi hupaka rangi maalumu, mara nyingi ya manjano, kwenye meno matatu au manne ya krauni, kisha huzungusha pinioni mbele na nyuma huku msaidizi akiizuia krauni kwa kipande cha mbao ili meno yabanane. Rangi husukumwa pale yanapogusana na kuacha doa safi la chuma. Doa hilo linatakiwa likae katikati ya kimo cha jino, baina ya ncha yake na shina lake, na lisifike ukingo wowote wa urefu wake. Likiwa limepanda kwenye ncha, pinioni iko mbali na krauni, na inahitaji shimu nene zaidi. Likiwa limezama kwenye shina, pinioni imeingia mno, na shimu ipunguzwe. Likisogea kwa urefu, kuelekea kitovu cha krauni au kuelekea nje, kwanza hutazamwa ule mchezo kati ya meno. Nakuomba uwepo wakati rangi inapopakwa, na upige picha za pande zote mbili za jino, upande wa kuvuta na upande wa kurudisha, kabla difu haijafungwa. Picha hizo ndizo dhamana yako pekee. Gia zikilia baadaye, mtu mwingine ataweza kusema kosa liko wapi bila kubahatisha.

Kuna jambo moja dogo linaloniambia mapema kama fundi anaijua kazi. Krauni mpya huingia kwa kubana juu ya kiti chake. Fundi mwenye haraka huivuta kwa bolti au kuigonga kwa nyundo, nayo hukaa upande. Njia ya kiwandani kwa Toyota ni kuichemsha krauni ndani ya maji hadi ipanuke kidogo, kuitoa ikiwa bado ya moto, kupangusa kiti, kuishusha mahali pake kwa mikono yenye glavu, na kusubiri unyevu wote ukauke kabla ya kuingiza bolti na kuzikaza kwa zamu, mkabala kwa mkabala. Sufuria kubwa na jiko vyatosha. Ukiona sufuria ya maji gerejini siku ya kazi yako, tulia.

Sisemi fundi wako hajui, na wala usimwendee kwa ubishi. Mwulize tu kama atapata geji na spana hiyo ya toki, na kama atakuonyesha rangi. Akikubali, endelea naye. Asipokubali, una bahati moja: difu ya Land Cruiser 80 hutoka ikiwa kichwa kizima, mbele na nyuma, baada ya kuchomoa hafushafti, vyuma virefu vinavyopeleka nguvu kutoka difu hadi magurudumu, na kufungua nati zake. Fundi wako anaweza kutoa vichwa hivyo akabaki na kazi ya kufungua na kurudisha, nawe ukavipeleka kwa mtu mwenye vifaa. Mombasa ni mji wa malori. Kuanzia Changamwe hadi Jomvu wapo mafundi wanaofungua difu za malori kila wiki, na mwenye kufunga difu ya lori kwa vipimo hashindwi na ya Toyota. Mpe karatasi ya vipimo iliyotoka ndani ya boksi, pamoja na beringi na sili mpya. Kuweka gia mpya juu ya beringi za mwaka 1995 ni kuokoa shilingi na kupoteza maelfu. Nyumba ya ekseli nayo ioshwe mpaka ndani, kwa sababu unga wa chuma wa gia za zamani hauchagui, utatafuna na mpya.

Tuje kwenye kufunga ya nyuma peke yake. Gia za 4.10 mbele na 4.88 nyuma zinatofautiana kwa asilimia 19, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yatakuwa yakivutana kila hatua. Tazama habu zako za mbele, yaani vitovu vya magurudumu. Kama zina kifungo cha kuzungusha kwa mkono, gari lako huvuta kwa nyuma peke yake katika matumizi ya kawaida, na unaweza kuishi hivyo kwa muda mradi habu zibaki huru na usiguse kabisa foo-wili, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne. Hata hapo ningekushauri utoe propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, kwa sababu mtu mwingine akiazima gari hatakumbuka onyo lako. Kama habu hazina kifungo na gari lina swichi ya kufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu baina ya mbele na nyuma, magurudumu yote manne yanavutwa wakati wote, na kulitembeza hivyo kutaichosha difu ya kati mpaka iungue. Ukilazimika, toa propela ya mbele na uifunge difu ya kati, na usiite gari hilo la porini mpaka ya mbele iwe tayari. Maoni yangu: subiri, uzifunge zote mbili pamoja. Miezi miwili ya kungoja haigharimu chochote.

Kuzoesha gia si maneno ya wauzaji. Uso wa jino jipya, hata ukionekana kung'aa, una vilima vidogo visivyoonekana kwa macho. Katika kilomita za mwanzo vilima hivyo husagana na kulala, na wakati huo joto huwa kubwa kuliko litakavyokuwa maisha yote ya gia hizo baadaye. Ukiongeza uzito na mwendo juu ya joto hilo, utando wa oili hukatika, ngozi ngumu ya jino hupoteza ugumu wake na kubadilika rangi kuwa ya buluu, na kuanzia hapo jino humeguka vipande vidogo vidogo mwezi baada ya mwezi. Uharibifu hufanyika ndani ya saa moja. Kelele zake huja baadaye sana, na ndiyo sababu watu wengi hawaoni uhusiano.

Kwa hiyo siku ya kwanza toka alfajiri, gari likiwa tupu, bila trela. Endesha dakika 15 hadi 20 kwa mwendo wa wastani, usizidi kilomita 80 kwa saa, na ubadilishe mwendo mara kwa mara badala ya kuushikilia mmoja. Kutoka Bamburi hiyo ni safari ya kuvuka Mtwapa kuelekea Kikambala, barabara tambarare, na ukitoka mapema hukuti foleni. Kisha simama kivulini, uzime injini, uache difu ipoe. Maelekezo mengi husema nusu saa. Kwa joto letu la pwani nakuambia saa nzima. Rudia hivyo mara mbili au tatu kabla ya kuiona siku hiyo imekwisha. Baada ya hapo tumia gari kwa shughuli zako za kawaida hadi kilomita 800, bila kuvuta kitu, bila kukanyaga mafuta mpaka mwisho, na mlima wa Kwale uache kwa sasa. Kwa difu ya mbele, kama gari lako lina habu za mkono, siku moja ingiza foo-wili kwenye barabara ya murram iliyonyooka na uende polepole vipande vifupi vyenye mapumziko. Usifanye hivyo juu ya lami kavu.

Ukifika kilomita 800, mwaga oili yote ya difu zote mbili, hata kama bado inaonekana nzuri. Kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia utakuta uji laini wa kijivu. Usiogope, hivyo ni vile vilima vilivyosagika. Usugue baina ya vidole: ukihisi punje, au vipande vinavyokwama kwenye ukucha, usijaze oili mpya kwanza, mwite fundi aone. Kwa kuanzia tumia 80W-90 ya kawaida ya GL-5, na baada ya hapo, ukiwa unavuta trela mara kwa mara kwenye joto, 85W-140 si kosa. Lakini oili nzito hainyamazishi gia iliyofungwa vibaya. Huifunika sauti, nawe unapoteza tahadhari uliyokuwa umepewa bure.

Baada ya kubadilisha oili ndipo trela lianze, nalo kwa hatua: kilomita 20 au 25, pumzika, tena hivyo mara mbili tatu. Njia ya kwenda Voi ni kilomita 150 hivi, na inapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 500. Mwinuko wenyewe ni wa polepole. Tatizo ni kwamba mzigo juu ya meno haukatiki, na nyuma ya malori utajikuta ukikanyaga mafuta ili kupita. Gia zilizozoeshwa hazioni shida hapo. Gia zilizotoka gereji asubuhi hiyo hiyo ndizo rafiki yako alizokuwa akizisemea.

Nikukumbushe pia jambo la kwetu pwani. Difu ikiwa ya moto kisha ikaingia kwenye maji ghafla, iwe mkondo uliofurika baada ya mvua au ufuko wakati wa kushusha mashua, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta. Kipumulio, yaani kitundu cha kupitishia hewa ya difu, kikiwa kimeziba kwa matope, kitakachovutwa ni maji, kupitia sili, na maji ya chumvi yanaharibu beringi mpya ndani ya siku chache. Gari likiwa gerejini, mwambie fundi asafishe vipumulio na aviongezee mpira hadi juu karibu na injini. Oili ikionekana kama maziwa, imwagwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu kelele: sauti nyembamba ya mbali kwenye mwendo fulani inaweza kuwa tabia ya gia zisizo za kiwandani, na kama picha za rangi ni nzuri unaweza kuizoea. Mlio unaotokea ukikanyaga mafuta na kukatika ukiachia, au kinyume chake, unahitaji rangi itazamwe tena. Mngurumo usiokatika, ukanyage usikanyage, mara nyingi ni beringi. Mgongano mmoja mzito unapoingiza gia unaweza kuwa mchezo mkubwa kati ya meno, lakini kagua krosi za propela, yaani viungo vyake, kwanza, ni rahisi zaidi. Oili ikivuja mbele ya pinioni, au ukishika propela ikacheza juu na chini pale inapoungana na difu, au kipimajoto kikisoma zaidi ya nyuzi 120 za Selsiasi kwenye nyumba ya difu, hapo usisubiri ushauri wa maandishi. Gari lifikishwe kwa fundi mwenye geji, likibebwa juu ya lori.

Na likikupata hilo ukiwa mbali, tuseme ndani ya Tsavo, usijaribu kuliburura hadi barabara kuu ikilia hivyo. Kama ekseli yako ya nyuma ni ile ambayo hafushafti huchomoka kwa kufungua nati za kwenye habu, zichomoe zote mbili pamoja na propela ya nyuma, ziba matundu ya habu vumbi lisiingie, funga difu ya kati au ingiza foo-wili, na urudi polepole kwa kuvuta na magurudumu ya mbele peke yake. Beba spana ya nati hizo, nyundo, na kipande cha plastiki ngumu cha kuzibia.